Kuchachusha mboga kwa chumvi: kila hatua na sababu yake

Iache kabichi iliyokatwa juu ya meza, na baada ya siku chache itaanza kulegea na kunuka. Chukua nyingine iliyotoka shamba hilo hilo, ikate nyembamba, itie chumvi kidogo, ishindilie ndani ya chupa hadi izame kwenye maji yake yenyewe. Miezi kadhaa baadaye bado utaila. Hukuipika wala hukuitia dawa. Vijidudu vilivyoiozesha ya kwanza na vilivyoihifadhi ya pili vyote vilikuwa juu ya majani tangu shambani. Ulichofanya wewe ni kuamua kundi lipi lipate nafasi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema chakula kilichochachuka ni chakula kilichooza kidogo. Ndani ya chupa kuna mbio, na mchachushaji hupanga uwanja ili washinde wale anaowataka. Ukijua kila hatua inampendelea nani na inamzuia nani, hutahitaji kukariri vipimo vya mtu, na mambo yakienda kombo utajua pa kuangalia. Nitatumia kabichi kwa sababu haina makuu: ina sukari ya kutosha, karibu asilimia 92 ya uzito wake ni maji, na bakteria wanaohitajika wamo tayari juu ya majani.

Kwanza, nani yumo ndani ya chupa

Hadi katikati ya karne ya 19, wanakemia wengi waliona kuchacha kama badiliko la kikemia lisilohitaji kiumbe hai. Mwaka 1857 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alitoa utafiti wake kuhusu asidi ya laktiki, akaonyesha kwamba sukari inapogeuka kuwa asidi hiyo kuna viumbe wadogo wanaoishi na kuongezeka humo. Baadaye alieleza kuchacha kuwa ni maisha bila hewa, na maelezo hayo yanatusaidia hadi leo tunapofunga chupa.

Bakteria wa asidi ya laktiki hawatumii oksijeni kuvunja sukari. Kwa kila molekuli ya glukosi huambulia molekuli 1 au 2 tu za ATP, yaani nguvu ya kuendeshea seli, wakati seli inayotumia oksijeni hupata takriban 30. Kwa kuwa wanapata kidogo, wanalazimika kula sukari nyingi na kwa haraka, na kila wanachokula kinaacha asidi nyuma yake. Sisi tunafaidika na hasara yao: chakula kinajaa asidi kabla waharibifu hawajajipanga.

Hawaji wote kwa wakati mmoja. Wa kwanza kushamiri kwenye kabichi ni Leuconostoc mesenteroides, ambaye huvumilia chumvi na ubaridi kiasi. Hutoa asidi ya laktiki, asidi ya asetiki kidogo (ile ile ya siki), alkoholi kidogo na gesi nyingi ya kaboni dioksaidi. Gesi hiyo huisukuma nje hewa iliyobaki kati ya vipande. Kisha asidi aliyoitengeneza mwenyewe humzidi nguvu, naye huwapisha wanaoistahimili zaidi, na anayemaliza kazi kwa kawaida ni Lactiplantibacillus plantarum. Mwishoni asidi hufikia karibu asilimia 1.5 hadi 2, na pH (kipimo cha asidi, ambacho namba yake hushuka kadiri asidi inavyozidi) hushuka hadi karibu 3.5.

Namba ya kukumbuka ni 4.6. Bakteria wa Clostridium botulinum, watengenezaji wa sumu inayoogopwa kuliko zote katika vyakula vya kuhifadhi, hawawezi kukua pH ikiwa chini ya hapo. Na kipimo cha pH hakipandi kama ngazi za kawaida: tofauti ya namba 1 ni mara 10. Kabichi yenye pH 3.6 ina ukali wa asidi mara 10 ya ile yenye 4.6.

Kwa nini asidi inaua? Molekuli ya asidi ya laktiki ikiwa haijaachana na haidrojeni yake huweza kupenya utando wa seli ya kijidudu. Ikishaingia, huachana nayo humo humo na kuijaza seli asidi kutoka ndani. Seli hutumia nguvu zake zote kuisukuma haidrojeni nje, mpaka inakosa nguvu ya kukua. Kadiri pH ya chupa inavyoshuka, ndivyo molekuli nyingi zaidi zinavyobaki nzima na kuweza kupenya. Mimi nilipoelewa hili ndipo nilipoacha kuihesabia asidi kuwa kiungo cha ladha tu.

Hatua ya 1: Chombo

Tumia chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Inakuonyesha mapovu, inakuonyesha maji yamefika wapi, na haidhuriwi na asidi. Mtungi wa udongo uliong'arishwa unafaa pia, ilimradi una uhakika kwamba mng'ao wake hauna madini ya risasi. Usitumie alumini wala shaba, kwa sababu asidi huzila na kuziingiza kwenye chakula.

Osha kwa maji moto na sabuni, suuza vizuri, kausha. Hakuna haja ya kuchemsha chupa kwa saa nzima: unakaribia kuijaza mboga mbichi yenye mamilioni ya bakteria. Unaondoa mafuta na mabaki ya chakula cha zamani, basi.

Hatua ya 2: Mboga

Chagua kabichi ngumu, nzito, isiyo na madoa. Bandua majani mawili matatu ya nje, uweke pembeni moja lililo safi kwa kazi ya baadaye. Suuza kwa maji tu. Usiimenye kupita kiasi, usiioshe kwa sabuni wala siki, maana wafanyakazi wako wako juu ya majani hayo.

Kuchacha hakufufui mboga iliyokwisha kuharibika. Ukungu ukishatoa sumu, usitegemee bakteria wa asidi waiondoe. Vivyo hivyo kwa madini mabaya na dawa za shambani. Ingiza mboga ambayo ungeweza kuila mbichi siku hiyo hiyo.

Ikate nyembamba, unene wa milimita 2 hadi 3. Kila unapokata unapasua seli, na seli zilizopasuka ndizo zitakazotoa maji na sukari.

Hatua ya 3: Mizani na chumvi

Hapa nitakaa, kwa sababu wengi hupoteza chakula katika hatua hii. Chumvi hupimwa kwa mizani, si kwa kijiko. Kijiko cha chumvi laini na kijiko cha chumvi ya mawe havina uzito mmoja. Chembe kubwa huacha nafasi kati yake. Chupa zangu za mwanzo zilikuwa za bahati nasibu: moja nzuri, nyingine laini kama uji, ya tatu chungu kwa chumvi, nami nilikuwa nimetumia kijiko kile kile zote tatu. Nilipoanza kupima kwa gramu, tatizo liliisha.

Kiasi kinachofaa kabichi ni gramu 20 hadi 25 za chumvi kwa kila kilo moja ya kabichi iliyokwisha kukatwa. Mimi hutumia 22. Pima kabichi baada ya kuondoa moyo na majani ya nje, zidisha gramu zake kwa 0.022. Kabichi ya gramu 1,340 itahitaji chumvi gramu 29.5.

Chumvi hii inafanya kazi tatu kwa pamoja. Inavuta maji kutoka kwenye seli kwa osmosisi, na maji hayo ndiyo yatakayoifunika mboga isione hewa. Inawabana bakteria wengi waharibifu ambao hawaivumilii kama wanavyoivumilia wa asidi ya laktiki, na hivyo kuwapa wetu muda wa kutangulia. Tatu, inapunguza kasi ya vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini, gundi inayoshika kuta za seli, ndiyo maana kabichi yenye chumvi ya kutosha hubaki ikilia mdomoni unapoitafuna.

Ukishuka chini ya gramu 20, mboga hulegea upesi na waharibifu hupata mwanya. Ukizidi 30 unawakandamiza hata hao wa mwanzo, Leuconostoc, kazi inachelewa na ladha inakuwa kali ya chumvi tupu. Chumvi yenye madini joto inafanya kazi. Usiitupe kwa sababu hiyo. Ile yenye dawa ya kuzuia kugandamana inaweza tu kuyafanya maji yawe na mawingu.

Hatua ya 4: Kukanda na kushindilia

Nyunyiza chumvi yote juu ya kabichi kwenye beseni, changanya kuanzia chini hadi juu, kisha kanda kwa mikono dakika 5 hadi 10. Ikiwa mikono inachoka, iache ipumzike nusu saa. Chumvi itaendelea kuvuta maji yenyewe. Inakuwa tayari pale ukikamata gao moja na kulikamua, maji yanachuruzika.

Usifanye haraka kwenye kuchanganya. Chumvi ikirundikana sehemu moja na kupungua nyingine, utapata chupa moja yenye hali mbili. Dalili mojawapo ya kosa hilo ni mabaka ya rangi ya waridi kwenye kabichi nyeupe: ni aina fulani za hamira zinazoota pale chumvi ilipozidi au ilipokaa vibaya. Chupa ya namna hiyo haifai kuliwa.

Ingiza kabichi kwenye chupa kidogo kidogo, kila safu uishindilie kwa ngumi au kwa mchi wa mti. Unatoa mifuko ya hewa. Acha nafasi ya sentimita 4 au 5 juu, kwa sababu gesi ya siku za mwanzo huinua kila kitu.

Hatua ya 5: Kuzamisha

Kilicho chini ya maji kiko salama. Kilicho juu ya maji kiko hatarini. Ukungu unahitaji oksijeni, bakteria wako hawaihitaji. Kwa hiyo lile jani ulilohifadhi likunje lifunike kabichi yote, na juu yake weka uzito: kioo kidogo kizito, au mfuko safi wa chakula uliojazwa maji ya chumvi ya kiwango kile kile (ukitoboka, hautaharibu kipimo chako). Maji yapande angalau sentimita 2 juu ya mboga.

Kama baada ya saa 24 maji hayajatosha, ongeza maji ya chumvi kwa uwiano ule ule, gramu 22 kwa lita moja. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Kuchemsha huondoa klorini ya maji ya bomba, ambayo iliwekwa humo kwa kazi ya kuua bakteria, nayo haichagui.

Kifuniko kikae bila kukazwa sana, au ukikaze na kukilegeza mara moja kila siku kwa wiki ya kwanza. Usipuuze hili. Chupa iliyokazwa kabisa na kusahauliwa hujaa gesi hadi kupasuka, na vipande vya kioo havina huruma. Weka sahani chini yake, maana maji yatamwagika.

Hatua ya 6: Joto na subira

Nyuzi joto 18 hadi 22 ndizo nzuri kuliko zote. Hapo kazi huchukua wiki 3 hadi 4, na makundi ya bakteria hupokezana kwa utaratibu, kila moja likiacha ladha yake. Joto likifika 24 hadi 27 kazi inakwenda haraka zaidi. Likizidi hapo, wa mwisho huwaruka wa mwanzo, asidi inapanda ghafla, ladha inakuwa ya upande mmoja na mboga inalegea. Chini ya nyuzi 15 kila kitu kinajikokota.

Ukiishi kwenye joto kali huhitaji kukata tamaa. Panda hadi gramu 25 za chumvi kwa kilo. Tumia chupa ndogo ili uzimalize mapema. Iweke sakafuni mbali na jiko, ndani ya beseni lenye maji kidogo, uizungushie kitambaa kilicholowa ambacho ncha zake zinagusa maji. Yanapopanda kitambaani na kukauka, hubeba joto la chupa. Na uanze kuonja mapema, siku ya 5 au ya 6.

Siku ya 2 au ya 3 utaona mapovu. Maji yatakuwa na mawingu, na jikoni kutakuwa na harufu kali ya salfa, kwa sababu kabichi ina salfa nyingi kwa asili. Harufu hiyo hupungua kadiri siku zinavyosonga na nafasi yake kuchukuliwa na harufu ya uchachu safi. Baada ya wiki moja hivi mapovu hupungua. Msichana mmoja niliyemfundisha alitaka kuimwaga chupa yake hapo, akidhani imekufa. Haikuwa imekufa: kundi la pili ndilo lilikuwa limeshika kazi, nalo halitoi gesi nyingi.

Hatua ya 7: Kupima

Nunua karatasi za kupimia pH zinazosoma kati ya 3 na 6, zile zinazotofautisha nusu namba. Chovya kwenye maji ya chupa siku ya 4 au ya 5. Yakiwa chini ya 4.6 umevuka mpaka; ninapenda kuona chini ya 4.0 kabla sijaanza kula. Chupa ambayo siku ya 7 bado iko juu ya 4.6, mimi huitupa bila mjadala. Kwa bitiruti au kabichi ya zambarau, karatasi itadanganywa na rangi, hapo inafaa kipimo cha kidijitali.

Ulimi unaweza kukuambia kama ladha imefika, lakini hauwezi kuona sumu ya botulini, ambayo haina harufu wala ladha ya kutegemea. Ndiyo sababu nasisitiza karatasi, hasa kwa anayeanza.

Ukiona hiki, fanya hivi

Utando mweupe, bapa, wenye mikunjo juu ya maji ni hamira za porini. Hazina sumu, ila huila asidi yako na kuirudisha pH juu, kwa hiyo ziondoe kwa kijiko mara uzionapo na uhakikishe mboga imezama.

Ukungu wenye manyoya, uwe wa kijani, mweusi au wa rangi nyingine, ni jambo tofauti. Nyuzi zake hushuka chini kuliko jicho linavyoona. Tupa chupa yote. Najua inauma, lakini kabichi nyingine ipo sokoni.

Kitunguu saumu kikigeuka bluu au kijani, ni viambato vyake vya salfa vinavyokutana na asidi. Kile kwa amani. Machicha meupe chini ya chupa ni bakteria waliomaliza kazi.

Maji yakiwa mazito kama mlenda, hasa kwenye bitiruti na karoti, mhusika huwa ni Leuconostoc, anayeiunganisha sukari ya aina ya sukrosi kuwa nyuzi ndefu za dekstrani. Ndiyo maana mboga hizo huzichanganya na kabichi badala ya kuzichachusha peke yake. Lakini mboga yenyewe ikiwa laini, ya utelezi na yenye harufu ya kuvunda, hiyo imeoza.

Mboga nzima

Matango madogo, vipande vikubwa vya karoti au koliflawa haviwezi kukandwa, kwa hiyo hutiwa kwenye maji ya chumvi. Yeyusha gramu 50 katika lita moja. Usishtuke kwamba ni zaidi ya mara mbili ya kipimo cha kabichi. Chumvi itahamia kwenye mboga mpaka pande mbili zilingane. Ukiwa na kilo moja ya mboga na lita moja ya maji, mwishowe kila upande utabaki na karibu asilimia 2.5.

Kwa matango, kata kipande chembamba upande ule lilikokuwa ua. Hapo hujificha vimeng'enya vinavyolilegeza. Jani la mzabibu au majani machache ya chai huongeza tanini, ambayo huvizuia vilivyobaki.

Nyama, samaki na mikunde hawamo kwenye mwongozo huu. Nyama na samaki hawana sukari ya kutosha kushusha pH peke yao, na hapo spora za botulini (mbegu sugu za bakteria hao) hupata muda. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake inayohitaji kuchemshwa vizuri, na uchachu hautoshi. Usikiache pia kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta nje ya friji ukidhani unakichachusha: mafuta yanaondoa hewa bila kuleta asidi.

Kuhifadhi na kula

Ladha ikishafika unapopenda, kaza kifuniko na uihamishie kwenye friji, karibu nyuzi 4. Bakteria hawafi, wanapunguza mwendo tu, na chakula hukaa miezi mingi. Kama huna friji, gawanya mapema kwenye chupa ndogo zilizojaa hadi karibu na mdomo, uweke mahali penye giza na baridi kuliko pengine nyumbani, na ufungue moja moja. Kila ufunguapo unaingiza oksijeni, na ukishafungua irudishe mboga chini ya maji kwa kijiko safi kilichokauka.

Vitamini C ya kabichi husalia kwa sehemu nzuri, kwa kuwa hakuna moto uliopita na asidi huilinda. Katika safari yake ya 1768 hadi 1771, nahodha James Cook alibeba kabichi ya namna hii melini ili kuwakinga mabaharia na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, wakati ambapo hakuna aliyejua vitamini ni nini. Ukiipika, sehemu ya vitamini hiyo hupotea na bakteria hufa, kwa hiyo itie sahanini mwisho, chakula kikishaepuliwa.

Anza na vijiko viwili kwa mlo. Mwenye shinikizo la damu aihesabu chumvi hii pamoja na ya vyakula vyake vingine, maana gramu 100 za kabichi ya kipimo changu zina karibu gramu 2. Anayepata kichwa kuuma au vipele baada ya kula vyakula vilivyochacha huenda anasumbuliwa na histamini, ambayo bakteria wengine huizalisha, huyo asijilazimishe. Maji yanayobaki chupani usiyamwage: ni makali na yana chumvi, yanafaa mahali popote ambapo ungetia ndimu.